Kabla ya herufi, sikio: namna simu ya nyumbani inavyoweza kumsaidia mtoto kusoma



Mwezi huu tunaongea juu ya jambo ambalo limesumbua nyumba nyingi tangu mwaka 2025, wakati familia nyingi zilipovuka mto Rusizi zikikimbia vita ya Kivu ya Kusini. Mtoto alikuwa mwaka wa pili huko Uvira au Kamanyola. Akakaa miezi mingi bila masomo. Sasa amerudi kwenye benchi, na mwalimu anasema: huyu hajui kusoma, aanze tena mwaka wa kwanza. Mzazi anabisha, kwa sababu nyumbani mtoto anasoma kaye yake toka juu mpaka chini bila kukosea.

Na sisi tulibisha hivyo. Halafu mama mmoja wa Buyenzi akatuonyesha namna ya kujua ukweli. Alimwita mvulana wake wa miaka minane: "Papa, kuja hapa. Usomee wageni." Mtoto akasoma ba, be, bi, bo, bu, vizuri kabisa, kama wimbo. Mama akafunika mstari wote kwa mkono, akaacha "bo" peke yake. "Na hii?" Mtoto akanyamaza. Tukaona midomo yake inacheza polepole, ba, be, bi… mpaka akaifikia. Kumbe alikuwa anaimba, hasomi. Mama hakumcheka, wala hakumpiga. Alisema tu, "Unaona? Akili iko. Ni sikio halijafundishwa."

Jaribuni leo kwa wa kwenu, kisha tuendelee.

Mtu anaweza kufikiri kusoma kunaanza na macho. Hapana. Kunaanza na kusikia kwamba neno limetengenezwa na sauti ndogondogo, na kwamba ukibadilisha moja tu, neno linakuwa lingine. Taa, saa, kaa, paa, jaa: ni sauti ya kwanza tu imehama. Mtoto anayesikia hilo, siku akionyeshwa herufi t, herufi inapata mahali pa kukaa. Asiyesikia anabaki kukariri umbo la neno lote, na maneno yakiwa mengi kichwa kinajaa.

Sisi watu wa Kiswahili tuko na bahati moja. Silabi zetu zinasikika wazi. Mtoto wa miaka mitano anapiga makofi ma-nda-zi, mara tatu, bila kufundishwa sana. Shida ni kuingia ndani ya silabi, ajue kwamba "ma" ni m na a. Lakini kila sauti yetu iko na herufi yake karibu siku zote. Kifaransa hakiko hivyo: herufi tatu, eau, unazitamka o tu! Ndiyo maana tunashauri sikio lifunguliwe kwanza kwa lugha ya nyumbani. Mtoto akishajua kazi hiyo kwa Kiswahili, ataibeba mpaka kwenye Kirundi na Kifaransa. Wa mjini hapa, anayeingia shule ya Burundi na kukutana na Kirundi siku ya kwanza, anaihitaji zaidi.

Sasa simu inaingia wapi? Simu nyingi, hata zile za kubonyeza, ziko na kinasa sauti. Haihitaji intaneti wala uniti. Kule Buyenzi tulimsaidia yule mama kurekodi maneno kwa sauti ya shangazi wa mtoto, kwa sababu ni sauti anayoipenda. Shangazi alisema neno kwa vipande, k… u… k… u, akanyamaza kidogo, halafu akalitoa zima: kuku! Ule ukimya ndio mchezo wenyewe. Mtoto anatakiwa amshinde shangazi, aseme "kuku" kabla yake. Siku ya kwanza alishindwa yote, akakasirika. Siku ya nne alikuwa anaruka na kupiga kelele mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Mchezo mwingine ni wa mgeni. Unarekodi meza, mama, embe, maji. Nani si wa familia? Mtoto anasikiliza sauti ya kwanza na kumfukuza embe. Baadaye unageuza: panya, kiti, pesa, pua. Usionyeshe herufi bado.

Tena mwacheni mtoto ajirekodi mwenyewe na ajisikilize. Watacheka, lakini watasikia mengi. Katika nyumba zetu, l na r zinachanganyika kwa wengi waliokulia Kirundi: kula inakuwa kura, na hayo ni maneno mawili tofauti. Wengine tunasema zambi, selasini, wakati kitabu kinaandika dhambi, thelathini. Mtoto akiandika "zambi" msimwambie ni mjinga. Ameandika kile alichosikia, sikio lake linafanya kazi. Mwambieni tu kitabu kinaiandika hivi.

Kuna onyo moja. Mkirekodi sauti za herufi, msiseme majina yake. "Bé, sé, dé" hayamsaidii mtoto kuunganisha. Atawauliza: bé na a zinatoaje "ba"? Semeni mmm, sss, fff. Kwa b na k, ambazo hazivutiki, tamkeni fupi kabisa.

Wenye simu za kugusa wanatuuliza juu ya programu za kusomea. Zipo, na baadhi zimejaribiwa karibu yetu. Huko Tanga, Tanzania, watoto karibu 2,700 wa vijiji kama 170 walipewa tableti zenye masomo ya Kiswahili kwa miezi 15, kwenye shindano la Global Learning XPRIZE. Hakukuwa na intaneti, na umeme ulikuwa wa sola. Mwaka 2019 walishinda wawili, Kitkit School na onebillion. Kabla ya kazi hiyo, zaidi ya watoto 90 kwa kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni habari nzuri sana, lakini isomeni vizuri: wengi walibaki nyuma hata wakiwa na tableti mkononi.

Lusaka, Zambia, walijaribu mchezo wa simu uitwao GraphoGame, uliotoka Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland. Mtoto anasikia sauti, anachagua herufi yake kwenye kioo. Waliofaidika zaidi walikuwa wale ambao mwalimu wao naye alicheza. Sisi hatukushangaa. Wale waliokuwa Kavumu na Bwagiriza mwaka 2014 watakumbuka masanduku ya Ideas Box, yenye tableti na vitabu, kati ya ya kwanza kabisa ulimwenguni. Tableti mtoto akiachiwa peke yake, kwa mawazo yetu, mara nyingi anaishia kwenye michezo ya magari.

Basi kaeni naye. Dakika kumi zinatosha, batri yenyewe hairuhusu zaidi, na baba anangoja simu. Na tuseme wazi jambo moja: nyumba nyingi simu inakwenda kwa wavulana, msichana yuko nyuma amebeba mdogo wake mgongoni. Mchezo huu ni wa kusikia, unachezeka ukiwa umebeba mtoto. Mpeni zamu yake.

Batri ikiisha, endeleeni kwa mdomo, gizani, mkisubiri usingizi. "Sema taa. Ondoa t, weka s."

Yule mvulana wa Buyenzi ameanza tena mwaka wa kwanza, hilo halikubadilika. Lakini sasa ukifunika mstari, anasoma "bo" peke yake. Kinachomshinda bado ni mb, nd na ng', hasa akifika kwenye ng'ombe. Hizo tutaziongelea mwezi ujao.