Nani Anapandisha Sauti ya Televisheni?

Siku hizi televisheni zimeingia hata katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Nyingine zinatumia umeme wa jua. Zimeleta habari na mpira. Zimeleta pia ugomvi. Mmoja anapandisha sauti, mwingine anaishusha. Mara matangazo ya biashara yanaingia kwa kelele, na mtoto aliyelala anaamka akilia.

Matangazo yana sababu yake. Watengenezaji huyapandisha maneno ya chini mpaka yalingane na ya juu. Hivyo tangazo zima linapiga kelele, wala sikio halipati nafasi ya kupumzika. Huko Marekani watu walilalamika sana. Mwaka 2010 sheria ilipitishwa kwamba tangazo lisizidi sauti ya kipindi, ikaanza kutumika Desemba 2012. Hapa nyumbani kwako sheria ni rimoti. Mpe mtu mmoja aishike.

Mvua nayo ina sehemu yake. Mvua ya Kigoma ikipiga juu ya bati, husikii kitu, kwa hiyo unapandisha sauti. Mvua inakatika, sauti inabaki pale pale juu. Jirani anasikia kila kitu.

Na huyo jirani huenda ni mvuvi. Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga huvua kwa taa usiku wa giza. Mchana ndio usiku wao. Mtu aliyekosa usingizi mchana ataingia ziwani amechoka, na ziwa letu lina mawimbi. Ukifungua televisheni saa nane mchana, kumbuka kuna mtu amelala nyuma ya ukuta wako.

Je, televisheni inaharibu masikio? Sauti hupimwa kwa desibeli, kama mzigo unavyopimwa kwa kilo. Mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75. Televisheni ya sebuleni mara nyingi haifiki huko. Mimi naogopa zaidi vibanda vya video vyenye spika kubwa. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa kwa kelele, havioti tena. Hakuna sindano wala kidonge cha kuviotesha. Kama umekaa hatua moja kutoka kwa mwenzako na inakubidi upige kelele ili akusikie, hapo pana hatari. Ondoka.

Lakini televisheni ya nyumbani ina faida moja ambayo watu hawaioni. Inaonyesha nani hasikii vizuri.

Tazama nyumbani kwako. Je, ni mtu yule yule anayepandisha sauti kila siku, wakati wengine wanasikia vizuri? Usimgombeze. Pengine ni mzee, na uzee umegusa masikio yake. Pengine masikio yamejaa nta tu, na nta hutolewa. Pengine ameendesha boti miaka mingi kati ya Kibirizi na Kagunga, amekaa karibu na injini safari nzima. Watu kama hao hupoteza kwanza sauti nyembamba. Wanasikia kwamba unasema, ila hawapati maneno. Ndiyo maana hukujibu, "Unasemaje?"

Mtoto ndiye wa kuangaliwa zaidi. Mama mmoja alimleta mwanawe kwetu kwa kikohozi. Akasema pia kwamba mtoto ni mkaidi, kila siku anakwenda kukaa mbele kabisa ya televisheni, na shuleni mwalimu anamchapa kwa kutosikiliza. Nilipomwangalia, sikio moja lilikuwa likitoa usaha. Lilikuwa limetoa usaha wiki kadhaa. Mtoto hakuwa mkaidi. Alikuwa hasikii.

Sikio likitoa usaha, mpeleke mtoto zahanati. Kabla ya kufika, sokota kitambaa safi na laini kiwe kama utambi, kiingize polepole kwenye tundu la sikio, kikilowa kitoe, weka kingine mpaka pakauke. Usikiache ndani. Usitie mafuta, maji ya majani wala mafuta ya taa. Usichokoe kwa njiti ya kiberiti au unyoya wa kuku. Kuna ngozi nyembamba ndani, kama ngozi ya ngoma, nayo hutoboka. Na mtoto huyo asiogelee ziwani mpaka sikio lipone, hata akilia vipi.

Kama nyuma ya sikio pamevimba na panauma, usingoje kesho. Mpeleke leo.

Kwa nyumba yenye mtu mmoja mwenye masikio mazito, msogezeeni kiti karibu na televisheni badala ya kupandisha sauti kwa wote. Mkiongea naye, simameni mbele yake aone midomo yenu.

Mnapomleta mzee kupimwa, aje na mtu anayekaa naye nyumba moja. Mzee mwenyewe tukimwuliza, hutujibu kwamba anasikia vizuri, ila siku hizi watu wa televisheni wananong'ona.