Kuziba Nyufa za Bawa la Ndege Isiyo na Injini

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Rubani wa ndege isiyo na injini asipoziba ufa hupoteza mwinuko, na mwinuko ndio mafuta yake.

Ndege ya aina hii huvutwa angani na ndege nyingine au kwa waya wa winchi, kisha huachwa iende yenyewe. Mashindano ya kwanza ya Wasserkuppe, nchini Ujerumani, yalifanyika mwaka 1920. Ndege nzuri za siku hizi, katika hewa tulivu, husonga mbele mita 40 au zaidi kwa kila mita 1 ya kushuka. Uwiano huo ni sawa na ule wa kani ya kuinua kwa ukinzani wa hewa. Mwanafunzi na akokotoe: ndege yenye masi ya kilogramu 400 ina uzito wa nyutoni 4,000 hivi. Basi ukinzani wake wote ni nyutoni 100 tu, yaani uzito wa maji ya ndoo ya lita 10.

Ufa watoka wapi? Kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, karibu na ncha, kuna kibawa kilichoungwa kwa bawaba. Rubani hukiinua au kukishusha ili ndege iinamie upande. Kibawa hakiwezi kusogea pasipo nafasi. Lakini kanieneo ya hewa chini ya bawa ni kubwa kuliko ya juu yake. Kwa hiyo hewa hupenya nafasi hiyo kwenda juu, kama upepo upenyavyo chini ya mlango. Mkondo huo huvuruga mtiririko wa hewa juu ya bawa, ukinzani huongezeka, na kibawa chenyewe hupungukiwa na nguvu.

Ili kuuzuia, ndani ya ufa hubandikwa utepe wa kitambaa wenye ulegevu wa kutosha kufuata mwendo wa kibawa. Nje, ufa hufunikwa kwa ukanda mwembamba wa plastiki ya poliesta: upande mmoja hugandishwa kwenye bawa, na wa pili huachwa uteleze juu ya kibawa.

Tuseme ukinzani umepungua kwa nyutoni 2, uzito wa glasi ndogo ya maji. Uwiano utakuwa 4,000 kwa 98, yaani karibu 40.8. Kutoka mwinuko wa mita 1,000, ndege itafika mita 800 hivi mbele zaidi. Umbali huo waweza kumfikisha rubani uwanjani badala ya kutua katika shamba la mtu.

Hata hivyo, utepe uliobana huzuia kibawa, na ukanda uliobanduka waweza kukikwamisha. Uzito ulioongezwa kwenye kibawa nao waweza kuharibu mizania yake, kikatetemeka kwa kasi kubwa hata kuvunjika. Ndiyo maana kazi hii hufuata maelekezo ya mtengenezaji, na rubani hukagua kila kibawa kabla ya kuruka. Mita 800 si kitu mbele ya kibawa kilichokwama.

Zoezi: Ikiwa uwiano wa ndege hiyo ungekuwa 50 kwa 1, ukinzani wake ungekuwa nyutoni ngapi?