Ndege ya Masanduku

Katika mjadala mmoja wa chama chetu mwenzangu alisimama akasema eti ndege haiwezi kuundwa nyumbani, labda na wachawi. Darasa zima liliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini nikaenda kuchungua, na nimerudi na jibu: yawezekana, na wako watu wengi ulimwenguni waliokwisha kufanya hivyo katika gereji zao.

Tusichanganye mambo, lakini. Humu nchini tumesoma habari za watu waliojitungia ndege kwa mabati na injini ya gari. Hao ni wavumbuzi, na aghalabu ndege zao hukataa kuondoka ardhini. Ninayoizungumzia ni nyingine. Kiwanda hubuni ndege, huijaribu angani mpaka iaminike, kisha huuza vipande vyake katika masanduku pamoja na michoro na kitabu cha maelezo. Mnunuzi hujiungia mwenyewe.

Sisi watu wa Kisumu tusione ajabu. Meli iitwayo William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa Afrika. Iliungwa hapa kwetu na kushushwa ziwani mwaka 1900, hata kabla reli haijafika. (Reli ilifika Desemba 1901.) Meli ya Victoria nayo ilikuja vipande, ikaungwa hapa hapa mwaka 1961. Basi ndege ya masanduku ni mjukuu wa meli hizo, ila anayeiunga ni mtu mmoja, na mkewe analalamika kwamba gari linalala nje.

Kazi huanzia mkiani. Kwa nini? Mkia ni mdogo, na mwanafunzi akiharibu kipande chake hasara si kubwa kama ya bawa. Ndege nyingi za aina hii ni za bati la alumini lililoshikanishwa kwa ribiti. Ukitaka kuona ribiti, nenda Kibuye uwatazame mafundi wa jua kali wakiunda masanduku ya shule: tundu, ribiti, nyundo, tayari. Kwa ndege ni yayo hayo, ila ribiti hufika maelfu, na kila tundu sharti lilainishwe ukingo. Ukingo wenye makwaruzo huanzisha ufa, na ufa hukua kidogo kidogo kila ndege inapotikisika. Sanduku lako likiachana njiani utaokota vitabu. Ndege ikiachana, ni nani atakuokota wewe? Kwa hivyo ribiti iliyokaa vibaya hutobolewa ikatolewa, ikatiwa nyingine, hata kama ni saa sita usiku na mtu amechoka.

Mabawa huundwa kando, kwa sababu gereji ni nyembamba, yakaungwa na kiwiliwili huko uwanjani. Kisha ndege hupimwa, kila gurudumu juu ya mizani yake, ili kupata kitovu cha uzito. Wavuvi wa Dunga wanalijua jambo hili bila Fizikia: lundika mzigo wote nyuma ya mtumbwi uone. Mwishowe wakaguzi wa serikali huja. Hapa Kenya ni wa KCAA, na bila kibali chao huruki, hata ungekuwa umemaliza kupaka rangi.

Sasa jamani, sikieni hili. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini, rika letu sisi, waliunga ndege ya viti vinne aina ya Sling 4 kwa muda wa wiki tatu, wakiongozwa na wataalamu. Kisha wenzao waliosomea urubani, akiwemo Megan Werner wa miaka 17, waliirusha kutoka Cape Town hadi Cairo. Walipitia Tanzania na Uganda, majirani zetu wa ziwa hili.

Nilipomweleza mwenzangu haya hakuridhika. “Hiyo si kuunda,” akasema, “ni kuunganisha tu.” Sikubaliani naye hata kidogo. Kisumu ilianza kwa kuunganisha meli za wengine, na juzi juzi MV Uhuru II imeundwa papa hapa, kwa ushirikiano na kampuni ya Damen ya Uholanzi. Mkono hujifunzia wapi kama si kwa michoro ya mwingine?

Ameniuliza basi nitaanza lini mkia wangu. Nimemwambia bado natafuta gereji, maana kwetu hakuna hata gari.