Mgeni Njoo, Lakini Utalala Wapi?

Kila mwaka masika yanapoingia na mawingu kutanda juu ya vilima vya Ukambani, goti langu la kushoto hunikumbusha safari ya Kola. Wapo watakaocheka wakisikia kwamba mtu mzima, mwenye shahada ya uzamifu, mke na watoto, aliondoka kwake Nairobi katikati ya mwezi wa Aprili akapanda baiskeli ili kwenda kulala ugenini usiku baada ya usiku, ilhali matatu zipo na kitanda chake kipo. Jirani yangu mmoja aliniuliza waziwazi iwapo nimefutwa kazi. Katika nchi yetu baiskeli ni ya muuza maji, muuza mkate na mtoto anayesoma mbali. Mhadhiri akionekana juu yake, watu hudhani kwamba gari lake limetwaliwa na benki.

Ulikuwa mwaka wa 2018, na tulikuwa watu watano tuliosoma pamoja chuoni: mwalimu wa fizikia, mhasibu, wakili, muuza vifaa vya ujenzi, na mimi ambaye hula jasho langu kwa kufundisha isimu. Makabila yetu yalikuwa manne. Jambo hilo nalitaja kwa sababu nchi ilikuwa imetoka kupiga kura mara mbili katika mwaka wa 2017, na majirani wengi walikuwa bado wanatazamana kwa pembe ya jicho. Tuliazimia kwenda polepole, tukilala katika nyumba za bei nafuu za kulaza wageni. Siku ya kwanza tungepitia Athi River na Kyumvi hadi Machakos mjini. Siku ya pili tungepitia Kola hadi Wote, makao makuu ya Makueni. Kisha tungerudi kwa njia nyingine. Wahenga walinena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Siku ya kwanza ilitupa jua na upepo. Siku ya pili ilitupa masika yenyewe. Msomaji atakumbuka kwamba mvua za mwaka huo zilizidi kiasi: mito ilivunja kingo zake sehemu nyingi za nchi, na mwezi Mei bwawa la Solai huko Nakuru likapasuka na kuua watu zaidi ya 40. Sisi hatukuyajua hayo yaliyokuwa yakija. Tulijua tu kwamba kutoka Machakos hadi Kola ni mwendo usiofika kilomita 30, na kwamba mtu mwenye miguu mizima haogopi umbali kama huo.

Tulipoipita Katumani, kilipo kituo cha utafiti kilichoipatia nchi mahindi ya kukomaa haraka, mbingu zilifunguka. Kwa kukwepa malori tuliiacha lami tukashika njia ya udongo, na hilo ndilo lililokuwa kosa letu kubwa. Udongo mwekundu wa Ukambani ukilowa hushika kama gundi. Ulijaa kati ya tairi na madigadi hata magurudumu yakakataa kuzunguka, nasi tukawa tunazibeba baiskeli zilizokusudiwa kutubeba. Mnyororo wa wakili ulikatika. Mimi niliteleza nikaangukia jiwe, na hiyo ndiyo asili ya goti ninalolilalamikia kila masika. Saa kumi na moja jioni tulikuwa bado hatujaiona Kola, na upepo wa vilimani ulikuwa ukizipenya nguo zetu kana kwamba tumevaa chandarua.

Hapo ndipo mchezo ulipogeuka kuwa jambo zito. Mwalimu wa fizikia, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitusimulia vichekesho, alinyamaza. Nilipomsemesha alinijibu, lakini konsonanti zake zilikuwa zimelegea. Sauti za midomo hazikufunga, na za ulimi ziliteleza kama ulimi wa mlevi. Nimefundisha fonetiki miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba somo hilo litanisaidia kumtambua mtu anayezidiwa na baridi. Mwili unapopoteza joto jingi, usemi huharibika na fikira huvurugika, na mgonjwa mwenyewe husema hana neno. Mwenzetu alisisitiza kwamba anataka tu kuketi kando ya njia apumzike kidogo. Tulimkatalia, tukamshika mikono, tukaenda naye.

Tulifika kwenye kituo kimoja kidogo cha biashara. Palikuwa na nyumba ya kulaza wageni, taa ikiwaka. Kijana aliyekuwa mezani alitutazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akatazama sakafu yake iliyopigwa deki, akasema vyumba vimejaa. Nyuma yake funguo zilikuwa zimening'inia safu nzima. Hatukuwa na nguvu za kubishana.

Mbele kidogo palikuwa na shule ya bweni. Kwa kuwa ilikuwa likizo ya Aprili, mabweni yalikuwa matupu, na kupitia langoni tuliweza kuziona paa zake zikimwaga maji. Mlinzi alitusikiliza kwa huruma, lakini akasema, "Ndugu zangu, sina ruhusa. Nikiwafungulia na jambo litokee, mimi nitajibu nini?" Huyo simlaumu hata kidogo. Machakos haijausahau usiku wa Machi mwaka wa 2001, bweni la shule ya Kyanguli lilipochomwa moto na wanafunzi 67 wakaangamia. Mlinzi wa shule katika eneo hilo akiogopa watu asiowajua wanaobisha gizani, ana haki yake. Lakini alifanya jambo moja zaidi ya kukataa: alitoka chini ya mwavuli wake akatuonyesha boma la mama mmoja mzee, hatua mia mbili hivi kutoka pale.

Mama huyo alifungua mlango akiwa na kibatari mkononi. Kabla hatujatamka lolote, aliwageukia wajukuu wake ndani akasema neno moja tu: "Aeni!" Yaani, wageni. Mhasibu, ambaye Kikamba ni lugha ya mama yake, alianza kumweleza sisi ni akina nani na tumetoka wapi. Mama alimkatiza. Maelezo yangengoja, huyu anayetetemeka asingeweza kungoja. Mwalimu alivuliwa nguo zilizolowa, akafungwa mablanketi, akawekwa karibu na mafiga lakini si karibu mno, akanyweshwa uji wa moto kidogo kidogo. Baada ya saa moja alisema sentensi ndefu, na konsonanti zote zilikuwa mahali pake. Nakiri kwamba machozi yalinilengalenga. Tulikula muthokoi kwa mbaazi, tukalala chini kwenye magunia na shuka, watu watano katika chumba cha wajukuu. Majina yetu mama aliyauliza baada ya chakula. Makabila yetu hakuyauliza kabisa.

Usiku ule, nikiisikiliza mvua juu ya mabati, nililifikiria lile neno lake. Kiswahili husema mgeni, Kikuyu mugeni, Kikamba mueni, kwa kuwa Kikamba kimeidondosha ile sauti ya g. Ni neno moja la kale lililogawiwa watoto wa nyumba moja, na wasichana wengi Ukambani huitwa Mueni. Sasa zingatia maana yake. Kiingereza kina neno moja kwa mtu usiyemjua, na neno jingine kabisa kwa mtu uliyemkaribisha. Sisi hatukulitenga hilo. Asiyejulikana na aliyekaribishwa wote ni mgeni, kana kwamba waliotuachia lugha hii hawakuona hatua yoyote kati ya kubisha hodi na kuketi. Yule kijana wa funguo na mimi tunazungumza Kiswahili kilekile, lakini kwake neno hilo limekwisha kupasuka vipande viwili: yupo mgeni mwenye gari, na yupo mtu mwenye tope.

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba nawasifu wazee ili nimalizie hapo. Ukarimu wa mama mmoja hauwezi kuwa ndio mpango wa nchi. Kama angekuwa amesafiri siku hiyo, pengine leo ningekuwa naandika tanzia.

Mwaka wa 1909, mwalimu mmoja wa Ujerumani aitwaye Richard Schirrmann alikuwa akitembea na wanafunzi wake mashambani mwezi wa Agosti, wakashikwa na dhoruba kali. Walijihifadhi katika shule iliyokuwa tupu kwa sababu ya likizo, wakalala juu ya majani makavu. Mwalimu hakupata usingizi. Alijiuliza: kama kila kijiji kina shule, na kila likizo shule hizo huwa tupu, kwa nini vijana wanaotembea wasizitumie? Kutokana na usiku huo zilizaliwa hosteli za vijana. Ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa mwaka wa 1912 katika ngome ya Altena, na mnamo 1932 vyama vya hosteli vya nchi mbalimbali viliungana. Leo kijana wa Ulaya anaweza kuzunguka kwa baiskeli majira ya mvua, akijua kwamba jioni atapata kitanda, jiko la kupikia na kamba ya kuanikia soksi.

Swali la mwalimu yule ndilo swali letu, na sisi tunayo majibu kuliko yeye. Shule zetu za bweni zina vitanda tayari. Hufungwa mwezi wa Aprili, wakati wa masika, hufungwa Agosti, hufungwa tena mwishoni mwa mwaka. Nini kinachozuia kila kaunti kuteua shule chache tu, zenye idhini ya bodi na mwalimu wa zamu, zikawapokea vijana wanaosafiri kwa miguu au kwa baiskeli? Waje na vitambulisho na barua za shule au vyuo vyao; waandikwe kitabuni; walipe ada ndogo itakayobaki shuleni; milango iwe ya kufunguka kwa ndani na mlinzi awe na ruhusa iliyoandikwa. Hofu ya mlinzi yule ni ya haki, na dawa yake ni utaratibu, si kufuli.

Wako watakaosema kwamba tusubiri serikali itenge fedha. Asubuhi ile mvua ilipotulia, tulitoka nje tukaona jambo. Njia tuliyoijia ilikuwa imegeuka korongo, lakini shamba la mama lilikuwa limetulia, maji yamesimama nyuma ya matuta yake. Matuta hayo huitwa fanya juu, kwa sababu mchimbaji huutupa udongo upande wa juu wa mtaro, na jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Sehemu kubwa ya matuta ya Ukambani yalichimbwa kwa mwethya, yaani vikundi vya majirani waliosaidiana shamba kwa shamba. Watu walioweza kuzuia vilima visiteremke mtoni hawawezi kushindwa kufungua bweni moja kwa wiki mbili.

Kila mwaka hunijia wanafunzi waliozaliwa na kulelewa Nairobi, wanaoweza kunichambulia ngeli za Kikamba ubaoni, lakini hawajawahi kulala usiku mmoja Ukambani. Nchi yao wameionea dirishani mwa matatu. Ninapowashauri watoke wakaitembee, hunijibu kwa swali moja la haki kabisa: "Daktari, tutalala wapi?" Mwalimu wa fizikia, ambaye bado anafundisha na bado anapanda baiskeli, huulizwa vivyo hivyo na wanafunzi wake.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama wa Kola alitimiza sehemu yake. Tuliporudi kumtembelea Desemba mwaka ule, kwa gari, tukiwa na mablanketi mapya na gunia la mchele, alitutazama viatu vyetu vilivyong'aa, akacheka, akamwambia mhasibu kwamba safari ile ya kwanza tulikuja vizuri zaidi.