Noti Inayosomeka kwa Vidole

Noti inayomfaa mtu asiyeona ni ile anayoweza kuitambua peke yake, bila kuilinganisha na nyingine na bila kumuuliza mtu. Sharti hilo lina uzito mkubwa kwenye minada ya Bariadi, mkoani Simiyu, ambako kisado cha choroko au fungu la michembe hulipwa papo hapo, chenji hurudi haraka na mteja mwingine tayari anasubiri. Asiyeona akilazimika kuuliza ameshikishwa noti gani, usalama wa pesa yake umo mikononi mwa anayemjibu.

Njia ya kwanza ya kutofautisha noti ni ukubwa. Katika toleo lililoanza kutumika Tanzania mwaka 2011, kila noti ni ndefu kuliko ile ya chini yake kwa takribani milimita 5: ya shilingi 1,000 ina kama milimita 125, na ya 10,000 kama 140. Upana hupishana kidogo mno, takribani milimita 1 kutoka ya 1,000 hadi ya 2,000, na vivyo hivyo kwenda juu. Zikipangwa mezani, tofauti yake iko wazi. Noti moja ikiwa mkononi, mambo hubadilika. Mbinu ya kawaida ya asiyeona ni kuipachika noti kati ya vidole viwili mpaka ukingo ufike kwenye shina la vidole, kisha kusikia ukingo wa pili umeishia wapi. Mbinu hiyo hupima upana, na milimita moja haishikiki. Akipima urefu, noti humzidi kidole. Akiikunja katikati, zile milimita 5 zinabaki mbili na nusu. Noti za yuro, kuanzia ya 5 hadi ya 50, hupishana milimita 5 kwa upana, na hapo kidole kina kitu cha kupima.

Njia ya pili ni chapa iliyoinuka. Bamba la chuma huchongwa mifereji, wino hujazwa humo, kisha karatasi hukandamizwa kwa nguvu kubwa hadi wino unasimama juu yake. Ndiyo maana noti mpya huparuza. Karatasi yenyewe kwa kawaida ni ya nyuzi za pamba, zao lile lile linaloendesha uchumi wa Simiyu, na nyuzi hizo huvumilia kukunjwa mara nyingi. Wino hauvumilii hivyo. Jasho, vumbi na mikunjo huulaza, na noti ndogo, ambazo ndizo zinazozunguka zaidi sokoni, hulainika mapema.

Kwa hiyo nchi kadhaa zimeongeza alama za makusudi. Kanada ilianza mwaka 2001 kuweka vikundi vya nukta vinavyohesabika kwa kidole. Haikutumia nukta nundu za kawaida, kwa kuwa wasioona wengi hawakujifunza kuzisoma. Uingereza ilifuata mwaka 2017: noti ya pauni 10 ina vikundi viwili vya nukta, na ya 20 iliyokuja baadaye ina vitatu. Noti mpya za Kenya, zilizozinduliwa tarehe 1 Juni 2019, nazo ziliwekewa alama za kuwasaidia wasioona.

Wenye uoni hafifu wana mahitaji yao. Katika Kanda ya Ziwa hao ni pamoja na watu wenye ualbino, ambao macho yao kwa kawaida huona kwa shida. Kwao tarakimu kubwa na rangi zinazopishana wazi, kama bluu ya noti ya Tanzania ya 1,000 na wekundu wa ile ya 10,000, ni msaada wa kweli. Sarafu ni rahisi zaidi kwa mguso, na tangu 2014 shilingi 500 ipo pia kama sarafu.

Noti za Tanzania zilizoingia kwenye mzunguko Februari 2025 zilibadilika saini tu, za Waziri wa Fedha na Gavana wa Benki Kuu. Ukubwa na michoro vilibaki vile vile. Maboresho ya mguso yanasubiri toleo jingine. Toleo hilo lipanue tofauti za upana na kuweka alama chache zinazohesabika, na kabla ya kuidhinishwa lipapaswe na wasioona wenyewe, wakipewa noti zilizochakaa kama zile zinazobaki mikononi baada ya msimu mzima wa pamba.