Sindano za kuujenga upya mgongo: ahadi na ushahidi

Mtu aliyeishi na maumivu ya mgongo kwa miaka mingi amekwisha kujaribu mengi. Amemeza vidonge, amekandwa, ameshauriwa na daktari mmoja afanyiwe upasuaji na mwingine amemwonya asithubutu. Ndipo anaposikia kwamba ipo sindano inayodaiwa kuijenga upya sehemu iliyochakaa.

Sindano za aina hiyo hutangazwa na kliniki za binafsi nchini Marekani, Uingereza, India na katika nchi za Ghuba, na mara nyingi mgonjwa hulipa kutoka mfukoni mwake. Kwa Waafrika Mashariki walioko ughaibuni, swali huja pia kwa simu kutoka nyumbani: je, ndugu wachange ili mama apelekwe?

Wanaouliza ni wengi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 619 waliumwa sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 ifikapo 2050.

Jina moja, dawa tatu

Chini ya jina la tiba ya kujenga upya mna vitu vitatu visivyofanana.

Cha kale zaidi ni proloterapia, iliyoenezwa nchini Marekani katika miaka ya 1950 na daktari wa upasuaji, George Hackett. Aliamini kuwa maumivu mengi ya mgongo hutokana na kulegea kwa kano zinazoshikilia mifupa. Akadunga kitu cha kuzichokoza, ili mwili udhani umejeruhiwa na kuanza kujitibu. Siku hizi kinachodungwa aghalabu ni maji yenye sukari ya glukosi.

Cha pili hujulikana kama PRP. Damu ya mgonjwa huchotwa mkononi, huzungushwa kwa kasi katika mashine, kisha sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu na kuchochea kupona kwa vidonda, hudungwa mahali panapouma.

Cha tatu ni seli shina, zinazotolewa katika uboho wa nyonga au katika mafuta ya mgonjwa mwenyewe. Baadhi ya kliniki hutumia bidhaa zitokanazo na kitovu cha mtoto mchanga wa mtu mwingine.

Maji ya chumvi

Mwaka 2004 watafiti wa Australia, wakiongozwa na Michael Yelland, walitoa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 110 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baadhi walidungwa glukosi iliyochanganywa na dawa ya ganzi, wengine maji ya chumvi matupu, na hawakuambiwa nani amepata nini.

Baada ya mwaka mmoja waliodungwa glukosi walikuwa wamepata nafuu ya kuonekana. Waliodungwa maji ya chumvi nao walikuwa wamepata nafuu, na tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya maana.

Matokeo hayo hayasemi kwamba wagonjwa walijidanganya. Nafuu yao ilikuwa ya kweli. Lakini maumivu ya mgongo hupanda na kushuka, na mtu humwendea daktari pale yanapokuwa yamepanda. Sindano yenyewe, matumaini na kule kusikilizwa pia vina nguvu yake. Ndiyo sababu simulizi la jirani aliyepona baada ya kudungwa, hata likiwa la kweli tupu, haliwezi kueleza ni kitu gani kilichomponya.

Mwaka 2007 taasisi ya Cochrane ilichambua majaribio matano ya proloterapia kwa mgongo, yaliyohusisha watu 366. Hitimisho lake ni kuwa tiba hiyo ikitumiwa peke yake haikuonyesha manufaa.

Kwa neva habari ni tofauti kidogo. Jaribio la Taiwan lililochapishwa 2017 lilihusu neva inayobanwa katika kifundo cha mkono na kuleta ganzi vidoleni. Waliodungwa glukosi kuizunguka neva hiyo walipata nafuu kuliko wa maji ya chumvi, hata baada ya miezi sita. Lakini neva ya mkono iko karibu na ngozi, na daktari huiona kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kliniki inayotumia ushahidi wa mkono kuuza tiba ya mgongo inaruka hatua nyingi.

Diski zilizo kati ya pingili za mgongo zina shida yake. Kwa mtu mzima diski karibu haina mishipa ya damu. Ndiyo maana hupona kwa taabu, na ndiyo maana vijidudu vikiingia humo ni vigumu kuvitoa. Jaribio dogo la PRP ndani ya diski lililofanyika New York na kutolewa 2016 lilitia moyo, lakini jingine lililofuata halikuiona tofauti hiyo.

Hatari

Mwaka 2018 maafisa wa afya wa Marekani waliripoti kuwa watu 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walilazwa hospitali kwa maambukizi ya bakteria. Walikuwa wamedungwa bidhaa zitokanazo na damu ya kitovu, katika viungo au mgongoni. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa maumivu ya mgongo.

Hata sindano zilizozoeleka hazikusalimika. Tangu 2016 taasisi ya NICE ya Uingereza inawashauri madaktari wasitoe sindano za uti wa mgongo kwa maumivu ya kawaida ya kiuno. Inaacha nafasi kwa sindano ya ganzi na steroidi pale maumivu makali ya neva yaliyoanza karibuni yanaposhuka mguuni.

Kabla ya kulipa

Anayeifikiria sindano hii ana haki ya kumuuliza daktari amejuaje chanzo cha maumivu, kwa sababu picha ya MRI huonyesha diski zilizochakaa hata kwa watu wasioumwa kabisa. Aulize pia dawa hiyo ililinganishwa na nini, nani anaitayarisha, na kama ncha ya sindano itaongozwa kwa picha au kwa kukisia. Kliniki inayotoa sindano ile ile kwa goti, mgongo, kisukari na upara inastahili kutiliwa shaka.

Mwongozo wa WHO wa Desemba 2023 unapendekeza, pamoja na mengine, mazoezi, elimu kwa mgonjwa na tiba ya kisaikolojia. Hayo ni ya polepole na hayapigiwi matangazo.

Zipo dalili zisizongoja: mguu kuishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kuzuia mkojo, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na huko nyumbani, maumivu ya mgongo yanayoandamana na homa, jasho la usiku na kukonda huenda yakawa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ugonjwa huo hutibiwa kwa dawa za kifua kikuu, na kila mwezi unaopotea kwa sindano nyingine huupa nafasi ya kuzila pingili.