Figo Hazipigi Kelele: Mwenye Sukari Apimwe Mkojo

Mzee mmoja wa kanisa letu hapa Bunia aliishi na ugonjwa wa sukari miaka mingi bila kusikia maumivu. Miguu yake ilipovimba, figo zilikuwa zimekwisha kuharibika. Tulimwombea, halafu tukamzika. Tangu siku ile najiuliza: je, tungeweza kujua mapema?

Ndiyo. Kila figo ina vichujio vidogo sana vipatavyo milioni moja. Vinatoa uchafu katika damu na kuzuia protini isipotee. Sukari ikizidi kwa miaka, vichujio vinalegea, na protini iitwayo albumini inavuja polepole katika mkojo. Mgonjwa hasikii lolote.

Kijiti cha kawaida kinachochovywa katika mkojo huonyesha protini ikiwa imekwisha kuwa nyingi, karibu miligramu 300 kwa siku. Lakini hatari inaanza kwenye 30. Mwaka 1963, daktari Harry Keen wa London na mwenzake Chlouverakis walitangaza njia ya kupima kiasi kidogo namna hiyo. Siku hizi maabara hulinganisha albumini na kreatinini katika mkojo wa asubuhi. Homa, maambukizi ya mkojo au kazi nzito vinaweza kuipandisha kwa muda. Kwa hiyo kipimo hurudiwa: viwili kati ya vitatu, ndani ya miezi 3 hadi 6, vikionyesha albumini, figo zimeguswa.

Mwenye sukari ya aina ya pili, ambayo ndiyo ya watu wazima wengi, apimwe siku ile ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka. Wa aina ya kwanza aanze baada ya miaka 5. Albumini ikionekana, bado kuna la kufanya: kushusha sukari na presha, kutumia dawa kama enalaprili kwa agizo la daktari (mjamzito asiitumie), na kuacha kumeza diklofenaki au ibuprofeni ovyo.

Katika Zaburi 7:9, Biblia yetu inasema Mungu hujaribu viuno. Neno la Kiebrania pale ni figo. Yeye anaona yaliyofichika. Sisi ametupa kipimo. Kwenda kupimwa si kupungukiwa imani. Wachungaji wenzangu, tulitangaze hili Jumapili, na tuwakumbuke hasa ndugu waliokimbia vita wakaacha dawa zao nyumbani.